Jina la Mukai

Jumamosi ile ya mwaka 1975, duka la vitambaa la Mzee Zahoro pale Pumwani lilifurika wanunuzi hadi mlangoni. Mpwa wake Mwanasiti alikuwa akipima kaniki huku akiimba chinichini, buibui limemteleza mabegani, mara akasikia mtu akikohoa mbele yake. Kijana mrefu, suruali pana chini imefagia vumbi lote la Gikomba, nywele amezichana zikasimama kama kofia.

"Dada, nipimie mita kumi na mbili za satini nyekundu."

"Mnafungua sarakasi?"

"Bendi. Mimi napiga gita la besi." Akatabasamu. "Lakini usiache kuimba."

"Kaka, umekuja kununua satini au kusikiliza redio?"

"Redio kama hii ningeinunua."

Jina lake Muasya. Bendi yao, Moto Sita, ilikuwa ya vijana sita wa Kaloleni na Makadara waliopiga muziki wa fanki kwa maneno ya Kiswahili. Jumapili iliyofuata Mwanasiti alikwenda kwenye mazoezi yao, akijidanganya kwamba anataka tu kuona ile satini imeshonwaje. Alirudi Jumapili nyingine, na nyingine. Baada ya miezi mitatu alikuwa amesimama mbele ya maikrofoni, na Muasya akimsindikiza kila jioni, ila si karibu na nyumbani. Baba yake, Mwalimu Mahmud, alisomesha Kurani.

"Baba akijua naimba na bendi, nimekwisha."

"Hatajua, mpenzi. Niachie mimi."

Mwaka uliofuata walirekodi santuri yao ya kwanza, na ya mwisho. Njogu, mpiga ngoma, ndiye aliyemletea Mwanasiti nakala yake dukani. Aliigeuza kwa furaha, akasoma karatasi ya katikati: *Moto Sita. Mwimbaji: Mukai.*

"Mukai ni nani?"

Njogu alijikuna kichwa. "Muulize Muasya. Yeye ndiye aliyepeleka majina."

Hakumuuliza. Hilo lilikuwa jina la mwanamke wa Kikamba, na kila mwisho wa mwezi Muasya alikwenda kwao Kangundo. Mwanasiti alijumlisha mwenyewe. Alasiri simu ya dukani ikalia.

"Siti, malaika wangu, umeisikia?"

"Mpelekee Mukai wako!"

"Ngoja nikueleze, mpenzi, ila hapa nilipo kuna wat—"

Akakata. Muasya alipiga tena kesho yake na kesho kutwa. Alikuja dukani mara mbili. Mwanasiti akajificha nyuma ya majora ya vitambaa, akamtuma mjomba wake aseme hayupo. Mwezi wa sita bendi ikapata kazi ya hoteli Lusaka. Kutoka huko alipiga mara moja, laini ikivuma kama upepo.

"Siti, usikate—"

Alikata. Kisha akasimama muda mrefu, mkono juu ya simu, akiomba ilie tena. Haikulia.

Aliolewa na Saad, muuza viatu wa Eastleigh, mtu mpole ambaye hakuwahi kumuuliza kwa nini huzima redio muziki wa namna fulani ukianza.

Mwaka 1985 alikwenda soko la Burma kununua nyama, akamkuta Njogu nyuma ya meza, aproni imelowa damu, kitambi kimemtangulia.

"Hujambo, Mukai!" Njogu alicheka.

"Usiniite hivyo."

"Si jina lako la santuri? Muasya alikupa jina la marehemu mama yake ili mzee wako asikujue. Alitueleza Lusaka, analia kama mtoto."

Kikapu kilimponyoka Mwanasiti. "Yuko wapi?"

"Amerudi. Yuko kwa dada yake Kaloleni, kesho anahamia Kangundo moja kwa moja. Lakini ukienda, Siti, paza sauti. Miaka tisa kando ya spika. Masikio yamekufa."

Alimkuta ameketi kwenye kigoda uani, karibu na bomba ambapo wanawake walikuwa wakifua. Mvi zilikuwa zimeanza. Muasya alimwona, akasimama polepole.

"Siti."

Njia nzima Mwanasiti alikuwa amepanga maneno ya kusemwa sikioni.

"Nisamehe," alinong'ona.

Muasya aligusa sikio, akatabasamu kwa aibu. "Sikusikii, mama. Sema kwa nguvu."

Mwanasiti aliwatazama wale wanawake. Wawili walikuwa wateja wa Saad.

"Nisamehe! Sikujua Mukai ni mama yako!"

Mikono ikasimama kwenye mabeseni.

"Mukai umesema?" aliuliza, akimkazia macho midomoni.

"Nilikupenda, Muasya! Nilikupenda nikakukatia simu!"

Maji yaliendelea kumwagika bombani, hakuna aliyeyafunga. Muasya alijifunika macho kwa kiganja.

"Hilo nimelisikia," akasema.

Hakumwomba lolote. Alimsindikiza hadi barabarani, akampa mkono, akageuka.

Mwanasiti alitembea haraka hadi Eastleigh, afike kabla ya maneno ya watu. Alimsimulia Saad yote, tangu ile satini. Saad alisikiliza mpaka mwisho, kiatu kimoja mapajani. Akakiweka chini, akauliza:

"Huko Kangundo, ana mtu wa kumpikia?"

Hapo ndipo Mwanasiti alipolia.