Yungiyungi Lililonuswa

Siku ya mwezi mpevu Anuradhapura haina pa kutia mguu. Sewwandi, kavaa sketi na blauzi nyeupe, pekupeku juu ya mawe ya moto, alikuwa kwenye foleni ya kuba takatifu la Wabuddha la Ruwanweliseya alipomwona kijana wa mbele yake kazamisha pua ndani ya yungiyungi.

"Kaka, ua la sadaka halinuswi. Hilo umeshalila wewe."

Kijana aligeuka, kaona haya. "Nimelelewa Colombo, dada. Huko tunanusa moshi tu." Akamnyooshea ua. "Basi chukua wewe. Buddha hali makombo."

"Na mimi ndiye wa makombo?" Lakini alilipokea, na hivyo ndivyo Ishanka alivyoingia moyoni mwake bila hodi.

Wakawa hawapitishi siku bila simu, na kila mwezi mpevu wanakutana palepale. Siku moja, chini ya mti mtakatifu, Sewwandi alimsimulia Ishanka jinsi baba yake alivyokufa kwa figo, maradhi yaliyowamaliza wakulima wengi wa kwao.

"Ile mashine ya kusafisha damu, kaka, sitaki kuiona tena. Heri nife mimi."

"Nimekusikia," alisema Ishanka.

Baadaye simu ya Ishanka ikaanza kuzimwa, kila Jumanne na Ijumaa. Kisha akapiga mwenyewe: "Tuachane, mpenzi. Tafuta mwingine." Akakata. Sewwandi hakuhitaji kupiga ramli. Aliamini kuna mwanamke. Alilia hadi macho yakavimba, akamlaani.

Sikukuu ya Poson, ya mwezi mpevu wa Juni, Sewwandi alikwenda na yungiyungi lake kuomba amsahau Ishanka. Akamkuta kwenye foleni ileile, amekonda, kavaa mikono mirefu kwenye jua la kuchoma ngozi.

"Yuko wapi mwenzio?"

"Mwenzangu nani?"

"Wa Jumanne na Ijumaa."

Ishanka alicheka kicheko kikavu, akataka kuondoka. Sewwandi akamdaka mkono, na chini ya shati mshipa ukanguruma kiganjani mwake. Aliujua mngurumo huo. Baba yake alikuwa nao, pale pale panapochomwa sindano za mashine.

"Ulisema hutaki kuiona tena," alisema Ishanka.

"Mjinga wewe. Nimekulaani bure."

"Niombee tu, kisha uolewe na mwenye afya. Figo ya kupandikiza haijapatikana, na daktari hanifichi kitu."

Sewwandi aliingiwa na hofu ileile ya siku za baba yake. Alijua mwisho wake unavyokuwa.

"Watoto, sogeeni," bibi mmoja alilalamika nyuma yao. "Jua linatuua."

Sewwandi akaliinua yungiyungi lake, akalinusa kwa pumzi ndefu mbele za watu. Bibi akaguna. Sewwandi akamtia Ishanka ua mkononi.

"Hili halitolewi tena kwa mwingine," alisema. "Jumanne tunaondoka saa ngapi kwenda kwenye mashine?"

Ishanka alimvuta pembeni, foleni ikawapita.

"Saa kumi na moja alfajiri," alisema, na mkono wake hakuuondoa kwenye wa Sewwandi.