Mashine Ilisema Imehifadhi

Jumatano, tarehe 12 Machi 2025. Mvua ilikatika alfajiri, na asubuhi ile ukungu mzito ulifunika mnada wa ng'ombe wa Kewanja. Matope yalifika kwenye vifundo vya miguu. Saa mbili na nusu, karani wa ushirika wa wafugaji alielekeza kifaa chake kwenye hereni ya utambulisho ya ng'ombe wa kwanza wa mzee Waisiko. Kifaa kikaandika: HAIJASAJILIWA. Ng'ombe wa pili, vivyo hivyo. Wote sita.

Waisiko alikuwa ametoka Morotonga, wilaya ya Serengeti, kupeleka mahari ya mwanawe kwa wakwe hapo Kewanja; ng'ombe wanaotoka wilaya nyingine hukaguliwa kwanza mnadani. Zablon, mwenyekiti wa ushirika, hakumuuliza hata swali moja. Alichukua kipaza sauti cha mnada.

"Wafugaji, mwoneni mwizi! Hereni za wizi, ng'ombe wa wizi!"

Wakwe walikuwa wamesimama palepale. Baba wa binti aligeuka akaondoka.

Sajenti Regina Nchagwa, mpelelezi kutoka Tarime, alimtoa mzee kwenye fimbo za watu, damu ikimtoka sikioni, akampeleka mahabusu. Kabla ya kuanza maswali aliinamisha kichwa. "Bwana, usikubali nimfunge asiye na kosa, wala nimwachie mwenye nalo." Kisha akaingia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, nitasema mara moja tu, maana nimechoka kusema na watu wasio na masikio. Jumatatu jioni nilisajili ng'ombe wangu ofisini Morotonga. Binti Dorah aliandika kwenye kompyuta. Ikatokea rangi ya kijani: Imehifadhiwa. Nilisoma kwa macho yangu."

"Walikupa karatasi?"

"Karatasi wamezikataza mwaka huu! Meneja alituambia mashine haisahau." Mzee alifuta sikio kwa kiganja. "Jela nitatoka. Lakini mwanangu atabaki mtoto wa mwizi, na yule binti hataingia nyumbani kwangu."

Alhamisi asubuhi Regina alifika ofisini Morotonga. Zablon alikuwa ameshatoa hukumu yake: karani Dorah Abonyo alikula rushwa.

"Afande," Dorah alisema, macho mekundu kwa hasira, "nimehongwa ili nimsaidie mzee, au ili nimwangamize? Waamue kwanza, ndipo waniite mwovu!"

Regina karibu acheke. Swali lilikuwa zuri. "Jumatatu ilikuwaje?"

"Foleni ndefu, halafu radi. Saa kumi na moja kasoro umeme ukakatika, tukafunga ofisi."

"Mashine ilikuwa nzima?"

"Jumatatu, ndiyo. Wiki iliyotangulia ilitusumbua. Siku mbili ilikuwa inajivuta, ng'ombe mmoja unamsubiri mpaka usingizi unakushika. Watu walinitukania mpaka mama yangu mzazi. Siku ya tatu ikarudi kwenye kasi yake. Meneja alisema ameitengeneza mwenyewe."

Meneja aliitwa Anold, mtu nadhifu, mwepesi wa kukaribisha. Alimwonyesha Regina chumba cha mashine: kabati refu lenye diski nyingi, taa zikimeta. Rafu ya chini ilijaa vumbi, isipokuwa sehemu moja ya mstatili iliyokuwa safi kabisa. Kando yake palikuwa na boksi la karatasi ngumu lenye matundu ya duara ubavuni, limejazwa nyaya.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Makaratasi ya zamani, afande. Chai utakunywa?"

Regina hakunywa.

Mchana alimtafuta Ouko, mchuuzi wa ng'ombe. Watu walisema Waisiko alikataa kumuuzia, naye akatamka mbele yao: "Mzee, utanikumbuka."

"Ulimtishia," Regina alimwambia, akiwa amesimama kwenye zizi lake.

"Afande, mchuuzi asipotisha atanunua kwa bei gani?" Ouko alicheka. "Ofisini nilikuwepo. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, nikasajili madume wangu wanne. Hao hapo, wapime!"

Regina alikuwa amekuja na kifaa cha ushirika. Akapima. HAIJASAJILIWA, mara nne.

Kicheko kilikufa. "Omera, ndugu yangu! Sasa mimi nimeiba ng'ombe wangu mwenyewe?"

Hapo ndipo Regina alipotambua kwamba hakuna aliyemlenga Waisiko. Kazi yote ya jioni ile ilikuwa imepotea. Akampigia simu Okal, fundi wa kompyuta wa Sirari, ambaye alifika jioni, akalikagua kabati kwa tochi.

"Kabati kama hili lina kumbukumbu ya muda," Okal alieleza. "Chukulia mtu anayepokea maziwa mlangoni. Anakwambia yamefika, wewe unaondoka. Kumbe chombo bado kiko mkononi mwake. Atamimina kwenye pipa baadaye. Pipa ndilo diski. Umeme ukikatika kabla hajamimina, betri ya akiba inamshikilia asianguke. Hapa betri haipo. Ilikuwa pale chini, kwenye ule mstatili."

"Na betri ikiondolewa, mashine haijui?"

"Inajua! Yenyewe inaacha kuitumia kumbukumbu hiyo. Kila kitu kinakwenda moja kwa moja kwenye diski. Inakuwa taratibu mno, lakini hakipotei kitu."

Regina alisimama. "Siku mbili za kujivuta."

"Ndiyo dalili yake."

"Kisha kasi ikarudi, na betri haipo."

"Basi kuna mtu ameilazimisha. Na haiwezekani kwa bahati mbaya, afande. Lazima awe na nenosiri la msimamizi, na mashine inamwonya kwanza kwamba data inaweza kupotea."

Regina alimgeukia Dorah, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Nenosiri hilo analo nani?"

"Meneja peke yake. Hata mwenyekiti hana."

Lilibaki lile boksi la matundu. Regina alikuwa ameyaona kama hayo kila gulio: humo hubebwa vifaranga, si makaratasi. Kesho yake asubuhi alibisha hodi nyumbani kwa Anold, Mugumu. Mkewe, Wegesa, alimkaribisha kwa furaha hadi kwenye banda la uani, lenye mashine ya kutotoleshea vifaranga.

"Mwanzoni umeme ukikatika tulikuwa tunalia, afande. Mayai yanapoa, yanakufa. Sasa baba ameniletea betri kubwa. Jumatatu umeme ulikatika mpaka usiku, na hakuna hata yai moja lililoharibika. Mungu ni mwema!"

Betri ilikuwa sakafuni, na namba ya mali ya ushirika ilikuwa imebandikwa ubavuni. Regina alishindwa kuitikia amina.

Ijumaa saa nane mchana wafugaji walijaa uwanja wa ofisi. Waisiko aliletwa, sikio limefungwa kitambaa. Betri iliwekwa mezani. Anold alipoiona aliketi bila kukaribishwa.

"Uliichukua," Regina alisema. "Mashine ikajilinda, ikawa taratibu. Wewe ukailazimisha iende kasi. Ilikuonya?"

"Ilinionya."

"Kwa nini hukurudisha betri?"

Anold alimnyooshea kidole Zablon. "Huyu aliniambia foleni ikibaki hivi Jumatatu, nafasi yangu anampa mwingine. Na mayai yalikuwa yamebakiza siku chache. Nilisema nitairudisha yakishaanguliwa."

"Ulijua lini kwamba kazi ya Jumatatu imepotea?"

Anold aliinamia betri.

"Meneja, lini?"

"Jumanne asubuhi."

Uwanja ulinguruma. Regina alipandisha sauti. "Jumanne! Jumatano mzee huyu anapigwa fimbo mnadani, wewe unajua! Alhamisi Dorah anaitwa mla rushwa, wewe unajua, na unaniuliza kama nitakunywa chai! Umelinda mayai kwa betri ya watu, ukashindwa kumlinda mtu kwa neno moja!"

"Nilifikiri watarudi kusajili upya," Anold alinong'ona.

"Warudi vipi, wakati uliwaambia mashine haisahau?"

Polisi walimchukua. Dorah aliketi kwenye kompyuta, betri ikiwa imerudi mahali pake, akasajili upya ng'ombe sita wa Waisiko na madume wanne wa Ouko. Safari hii aliandika kwenye karatasi pia, wala hakuomba ruhusa ya mtu.

Zablon alimsogelea mzee akiwa ameshika kofia mkononi. "Mzee mwenzangu, yaishe. Tumeteleza."

"Tumeteleza na nani?" Waisiko alisema. "Uliniita mwizi kwa kipaza sauti. Sasa unaniomba radhi kwa kunong'ona?"

"Mwambie, mzee!" Ouko alipaza sauti kutoka nyuma. Wengine wakaitikia.

Zablon alitazama watu, kisha Regina. Hakupata msaada. Akapanda kwenye ngazi ya ofisi.

"Mimi Zablon, naahidi mbele yenu na mbele za Mungu. Jumatano ijayo, mnadani Kewanja, kwa kipaza sauti kilekile, nitasema Waisiko si mwizi, na kwamba mimi nilimsingizia bila kuuliza. Kisha nitaswaga ng'ombe hao sita kwa mikono yangu mpaka kwa wakwe zake, na huko nitasema tena."

Waisiko aliweka kiganja nyuma ya sikio lililofungwa.

"Rudia," alisema. "Sikio hili ulilipigisha fimbo, halisikii vizuri."

Zablon akavuta pumzi, akaahidi tena kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza.