Faili Nilizoziacha Kitengela Zilifunga Njia ya Ng'ombe

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, mama wa watoto wawili, na bado naishi hapa Kitengela. Majirani wananisifu kwamba najua kompyuta. Laiti wangejua! Wasomaji wenzangu, jambo hili nimelibeba miaka mingi, na leo nalitua mbele yenu. Nihukumuni mtakavyo.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwaka wa mwisho chuoni, nikisomea kuchora ramani kwa kompyuta. Baba yangu, mwalimu kutoka Vihiga, alikuwa amepanga nyumba hapa. Rafiki yangu wa darasani, Nashipae, alikaa nasi kwa sababu kwao Mashuuru ni mbali. Tulikula sahani moja, tukavaliana nguo. Nani angedhani mimi ndiye ningemuumiza?

Ranchi ya pamoja ya kwao ilikuwa inagawanywa, kila familia ipate shamba lake. Baba yake, Mzee Parmuat, alikuwa na hofu moja tu: njia ya ng'ombe ya kwenda kisimani. Kwenye mchoro wa kamati ya ranchi njia hiyo haikuwepo kabisa! Shamba la mtu lilikuwa limeikalia. Alipolalamika akaambiwa alete ramani, si maneno. Basi mimi na Nashipae tukaifanya kuwa mradi wetu wa kumaliza chuo.

Wiki mbili tulitembea na mzee huyo juani, nami nikiwa na kifaa cha GPS cha chuo mkononi. Goti lake lilikuwa bovu. Kila kona alisimama akangoja nibonyeze kuhifadhi mahali hapo, kisha akaendelea bila kulalamika.

Kazi ya kompyuta niliichukua mimi, maana nilijifanya bingwa. Niliifanyia kwenye saiber moja, duka la kompyuta za kukodi, hapa Kitengela. Na hapo ndipo nilipoharibu...

Kwenye programu ile, faili ya ramani haibebi ramani yenyewe. Inakumbuka tu mahali ulipoweka visima, mahali ulipoweka njia, mahali ulipoweka mipaka. Mwalimu wetu wa chuo alituimbia kila siku: weka vyote kwenye folda moja, nakili folda nzima. Je, nilisikia? Mimi nilikuwa nimetawanya kila kitu. Folda moja niliiita "mpya", nyingine "mpya2", nyingine "mwisho kabisa". Aibu tupu! Siku ya kumaliza kazi nikanakili ile faili moja tu ya ramani kwenye flashi. Nikaifungua palepale, ikaonekana vizuri. Ingekosaje kuonekana, na vitu vyake vyote viko ndani ya mashine hiyohiyo?

"Umekopi kila kitu, ama tuangalie kwa mashine ingine kwanza?" Nashipae aliniuliza.

"Wacha wasiwasi wewe! Niko na kila kitu," nikamjibu nikicheka. Kifaa cha GPS nacho nilikuwa nimeshakifuta ili tukirudishe chuoni kikiwa safi.

Siku ya mkutano wa kamati, Kajiado mjini, ukumbi ulijaa wazee. Nikaweka flashi, projekta ikawaka. Jina la ranchi lilikuwepo. Mshale wa kaskazini ulikuwepo. Lakini katikati... peupe! Hakuna kisima, hakuna njia. Pembeni, alama nyekundu za mshangao zimejipanga moja baada ya nyingine.

Nilitoka nje nikapigia saiber. Mwenye duka akaniambia mashine zote zilikuwa na virusi, kwa hivyo jana yake alizifuta na kuanza upya.

Niliporudi ndani, mwenyekiti akaniuliza kuna shida gani. Ningesema ukweli ningekufa? Wenzangu, nilifungua mdomo nikasema, "Flashi imeingia virusi. Nashipae aliiweka kwa kompyuta zingine bila kuniambia."

Uongo mtupu! Mzee Parmuat akasimama, akamfokea Nashipae kwa Kimaasai mbele ya wote, naye akatoka akilia. Kamati ikapitisha mchoro wao kabla ya chakula cha mchana. Jioni hiyohiyo Nashipae alihamisha vitu vyake kutoka kwetu bila kuniaga.

Nilikaa miezi mitano nikijidanganya kwamba yatapita. Hayakupita. Nikaenda Mashuuru kukiri. Seng'enge ilikuwa imeshakata njia ile, na ng'ombe wa mzee walikuwa wanazunguka mbali sana kutafuta maji. Nilimweleza yote nikilia. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo njia nitazunguka," akasema. "Lakini mtoto yangu hajakanyaga hapa tangu siku ile. Nilimwita mjinga mbele ya watu kwa sababu ya mdomo yako."

Nashipae nilimwandikia, nikamtafuta kwa wenzetu wa chuo... hadi leo kimya. Na kosa si lake!

Nyinyi vijana mnaosomea kazi hii, nawasihi. Wekeni kazi yenu kwenye folda moja, yenye jina linaloeleweka. Nakilini folda nzima, mara mbili, na mfungue kwenye mashine nyingine kabla ya kujisifu. Na kazi ikipotea mikononi mwako, sema ni wewe. Sema palepale, watu wakiwa bado wamekaa, kabla mtu mwingine hajatoka nje akilia. Mimi nilisema baada ya miezi mitano, na nilimkuta mzee peke yake.