Buti za Fundi Cheche

Kila jioni Fundi Cheche aliketi kwenye jiwe, karibu na bomba la uani. Kazi yake ilikuwa kuchomelea milango na madirisha ya chuma. Alivua buti zake za ngozi, akazitia haraka kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga mafundo mawili. Kisha aliosha miguu kwa sabuni ya kufulia mpaka ikamwasha. Asubuhi alifungua mfuko, akageuza uso pembeni, akazivaa tena zikiwa na unyevu.

Miguu ya Cheche ilinuka. Tusimung'unye maneno.

Binti yake alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na mtoto alikuwa na siku ishirini na mbili. Nyumbani kwa binti, viatu viliachwa mlangoni na watu waliketi kwenye zulia. Cheche alikwenda mara tatu. Mara zote alisimama nje, akapitisha zawadi dirishani, akasema ana haraka. Avue buti mbele ya mkwe? Bora ardhi ipasuke immeze.

Jioni moja mkewe alirudi kutoka huko, akamkuta bombani.

"Mwanao amelia leo," alisema.

"Mtoto anaumwa?"

"Mtoto ni mzima. Mama yake ndiye anayelia, kwa ajili yako. Anasema angekuwa mjukuu wa kiume, ungeingia ndani."

"Ukamwambiaje?"

"Nimwambie nini? Wewe ndiye uliyenikataza kutaja miguu yako."

Jirani yao alikuwa akifua pale pale bombani. Alifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha maziwa, na mtaa mzima ulimwita Bi Darubini.

"Mnisamehe," alisema. "Macho hayana pazia, na masikio nayo hayana. Fundi, naomba nizione hizo buti."

"Utakimbia, jirani."

"Sikimbii. Harufu hiyo naikuta kazini. Kuna jibini zinanuka hivyo hivyo, na watu wanazila."

Cheche alifungua mafundo. Bi Darubini alinusa bila kukunja uso. "Ndiyo yenyewe," alisema.

"Nina jasho baya," Cheche alisema. "Hata marehemu baba alikuwa hivi."

"Jasho lako halina kosa. Jipanguse paji la uso, unuse kidole."

Cheche alinusa. Alisikia moshi wa chuma tu.

"Umeona? Jasho jipya karibu halinuki. Harufu inatengenezwa na vijidudu, vidogo mno, jicho halivioni. Vinaishi kwenye ngozi ya kila mtu, hata ya mjukuu wako. Vingi havina ubaya, na vingine vinatulinda. Lakini navyo vinakula. Kwenye jasho na ngozi iliyokufa kuna vipande vidogo vya protini. Kimoja kinaitwa lusini."

"Lusini? Kama jina la mtu."

"Unaila kila siku kwenye maharage, maziwa na nyama. Wewe inakujengea misuli. Kijidudu nacho kinaitaka. Hakina mdomo wala meno, ila ganda lake lina vilango vidogo. Kinaivuta lusini ndani, kisha kinaikata. Kipande chenye naitrojeni kinakitumia kujenga mwili wake. Kingine kinatoka kama hewa, ileile tunayoitoa puani. Kinachobaki ni asidi, na hiyo kinaitema nje."

Cheche alifikiri kidogo. "Kama mimi na vyuma. Nakata, natumia, mabaki natupa nje ya karakana."

"Hasa. Ila mabaki ya vijidudu hivi ndiyo yanayokuzuia kumpakata mjukuu wako."

Cheche aliitazama miguu yake.

"Lakini mimi naosha kila siku," alisema.

Bi Darubini aliinua mfuko. Ndani yake kulikuwa na matone ya maji. "Na huu wa nini?"

"Nafungia harufu, isiwasumbue watu."

"Fundi, umefungia karamu. Vijidudu hivi vinapenda joto, giza na unyevu. Umevipa vyote, halafu ukavifungia na mlango visisumbuliwe."

Mke wa Cheche alicheka mpaka akaketi chini. Cheche hakucheka. Alikuwa akiutazama mfuko. Miaka yote hiyo, aibu yake ndiyo iliyoilisha harufu.

"Nifanyeje?"

"Osha miguu kwa sabuni ya kuogea, na katikati ya vidole. Ikaushe kabisa. Vaa soksi safi ya pamba kila siku. Buti zilale wazi penye hewa, soli za ndani zikiwa zimetolewa. Na usivae buti zilezile siku mbili mfululizo."

"Ana nyingine chini ya kitanda," mkewe alisema. "Zinataka kushonwa tu."

"Zishonwe. Wala usiguse dawa ya kung'arishia nguo."

"Niliitia mara moja," Cheche alikiri kwa sauti ndogo.

"Usirudie, inaunguza ngozi. Ukiona mipasuko au malengelenge, nenda zahanati."

"Na binti yangu?"

"Huyo hana dawa ya maabara. Mwambie ukweli. Mficha uchi hazai."

Kesho yake Cheche alisimama tena mlangoni kwa binti yake.

"Mwanangu," alisema, "miguu yangu inanuka. Naona haya mbele ya mumeo. Tatizo si mtoto. Mtoto nampenda tangu kabla hajazaliwa."

Binti alimtazama baba yake, machozi yakimlengalenga. Alikwenda ndani, akarudi na beseni la maji, sabuni na taulo.

"Osha miguu hapahapa, Baba. Kisha ingia."

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, Cheche alimpakata mjukuu wake.

Zikapita wiki tatu. Buti za Cheche zilikuwa zikipokezana, jozi moja kazini, nyingine ukutani ikipigwa na upepo. Mfuko wa plastiki haukuonekana tena. Jumapili alivua buti mlangoni, akaingia, akaketi karibu na mkwe wake. Walimwekea mtoto mapajani.

Mtoto akapiga chafya.

Wote wakaitazama miguu ya babu. Binti aliinama, akanusa miguu, halafu akanusa shati.

"Miguu haina neno, Baba," alisema. "Ni moshi wa chuma kwenye shati."

Cheche akacheka mpaka mtoto akatikisika mapajani mwake. Binti alinyoosha mikono amchukue.

"Mwache," Cheche alisema. "Leo sina haraka."