Chaki ya Fundi Mkuu

Fundi Mkuu alikuwa na mikono ya dhahabu na mdomo wa pilipili. Karakana yake ilishona sare za shule. Yeye alichora vitambaa kwa chaki, shemeji yake akakata, wengine wakashona.

Asubuhi moja alifungua furushi akaduwaa. Mikono thelathini ya mashati, yote ya kushoto.

"Nani kakata hivi?"

"Mimi," akasema shemeji yake. "Nimefuata chaki yako."

"Hukuona kosa?"

"Niliona. Lakini juzi mpiga pasi alikuambia ameunguza kola. Ulimfokea mpaka wapita njia wakasimama. Nikasema moyoni, heri nikate." Akavua tepu shingoni, akaiweka mezani. "Kazi naipenda, shemeji. Wewe ndiye uliyenishinda."

Akaondoka. Na hakuna mwingine aliyejua kukata kama yeye.

Jioni Fundi Mkuu alimlalamikia jirani yake, muuguzi anayesimamia wodi. Jirani akacheka.

"Pole, baba. Wodini kwangu, muuguzi akiogopa kuniambia amekosea dawa, anayeumia ni mgonjwa."

"Kwa hiyo nisikasirike?"

"Kasirika. Ila uijue hasira yako inapopanda. Inaanzia wapi?"

Akafikiri. "Masikio. Yanawaka moto."

"Yakiwaka, nyamaza kwanza. Vuta pumzi. Kisha uliza, 'Imekuwaje?' Sikiliza mpaka mwisho. Mtazame mwenzio usoni, utajua kama anaogopa au amechoka. Na ukikosea, omba radhi."

"Mbele ya mafundi?"

"Kwani uliwafokea mafichoni?"



Kesho yake Fundi Mkuu alimwomba radhi mpiga pasi, wote wakisikia. Kisha akaenda kwa shemeji yake, akasimama mlangoni.

"Kosa lilikuwa langu. Nimewatia hofu hata mnashindwa kunisaidia. Nisamehe."

Shemeji akajibu, "Nitarudi kwa majaribio. Anayejaribiwa ni wewe."

Wiki iliyofuata shemeji akaita, "Njoo uone. Umekosea tena."

Cherehani zote zikanyamaza. Masikio ya Fundi Mkuu yakaanza kupata moto. Akavuta pumzi.

"Imekuwaje?"

"Kola umezichora fupi. Sijakata hata moja."

Akazipima. Kweli, fupi.

"Ahsante, shemeji. Umetuokoa." Akafuta, akachora upya, taratibu.

Shemeji akachukua mkasi. "Haya, sogea basi. Unanizibia mwanga."