Simu ya Siku ya Msiba

Kila akitoka shule, Shamimu alivua sare, akala, kisha akakaa karibu na simu ya shangazi yake, Bi Salma. Mtaa wao mzima pale Temeke ulikuwa na simu hiyo moja tu. Ikilia, yeye ndiye aliyeipokea, kisha akatimua mbio kumwita anayetakiwa. Watu walimsifu kwa adabu zake, na sifa zenyewe zilimkolea.

Siku hiyo mtaa ulikuwa kimya. Wakubwa wote walikwenda kuzika kule Wazo, mbali na mtaani, hata vijana wa kamati ya ulinzi, maana pale kwao kukosa msiba ni aibu kubwa. Simu ikalia.

"Shikamoo," alisema Shamimu.

"Marahaba, mwanangu. Mie shemeji yake Rosalia. Yupo?"

"Hayupo. Wamekwenda msibani Wazo."

"Masikini! Wote? Hata walinzi?"

"Wote. Watarudi magharibi."

"Mtoto mwema wewe. Asante."

Rosalia, mjane jirani yao, alirudi akakuta kufuli limevunjwa. Redio ilikuwa imeibwa, na ndani yake mlikuwa na kaseti. Marehemu mumewe, Fransis, alijirekodi humo akiwasimulia wanawe hadithi, kabla kifua hakijammaliza. Rosalia alikaa kizingitini, kufuli mkononi. Shamimu alipomwona hivyo moyo ulimwuma, kwani sasa alijua kwamba yule aliyepiga simu hakuwa shemeji wa mtu.

Jumapili ukaitishwa mkutano. Muda wa kamati ulikuwa umekwisha, na mwenyekiti wake, Mzee Mwinshehe, aliomba waongezewe mwaka.

"Wa nini?" alifoka jirani mmoja, Marijani. "Watu tunaibiwa mchana kweupe! Ivunjwe!"

Wengi waliguna kukubali. Shamimu akasimama.

"Kosa ni langu. Mwizi alipiga simu, nikamwambia mtaa hauna mtu."

Bi Salma aliinamisha uso. Mzee Mwinshehe akashusha pumzi.

"Ndugu zangu, sie tunalinda milango kwa marungu. Simu je, nani anailinda?"

Wakakubaliana kamati iendelee, na kazi yake ifike hadi kwenye simu. Mpigaji asiyejulikana aache jina lake, asiambiwe nani yupo wala nani hayupo. Na siku ya msiba, baadhi ya walinzi wabaki.

Baadaye walinzi waliipata redio kwa fundi mmoja. Kaseti ilikuwemo. Rosalia akaiwasha, wanawe wamemzunguka. Ukasikika muziki wa dansi. Akageuza upande wa pili, dansi vilevile. Mwizi alikuwa amerekodi muziki juu ya sauti ya Fransis. Mwishoni kabisa kilibaki kikohozi cha Fransis, basi. Rosalia akairudisha nyuma, akakisikiliza tena.

Shamimu alilia kwa kwikwi. "Nisamehe, mama. Nilidhani kumjibu mkubwa ndiyo adabu."

Rosalia akamfuta machozi kwa pindo la khanga.

"Nimekusamehe. Ulisema kweli mbele ya watu, kamati ikanusurika, ndiyo maana tumepata hata hiki. Mkubwa msalimie, mwanangu, hiyo ndiyo adabu. Lakini habari za nyumba ya mwenzio si zako kuzigawa. Umeona mwenyewe, vingine vikitoka havirudi."