Mpole Aliuliza, Akajibiwa

"Aliyeingia hakuvunja mlango, dada. Alipiga hodi, akafunguliwa."

Fundi wa kompyuta alimgeuzia mpokezi wa zahanati kioo. Kilijaa maandishi ya kuumiza macho, lakini jina lake aliliona, kila mstari.

"Mbona ni mimi tu hapo?"

"Kwa sababu kaingia kama wewe. Asubuhi hii kabonyeza pale pa 'nimesahau neno la siri', mashine ikamuuliza maswali yako matatu. Bibi yako alikuita nani? Mwalimu wako wa kwanza? Mnyama uliyemfuga utotoni? Kayajibu yote, hata hakubahatisha."

Mpokezi akavuta kiti, akakaa.

Mwanamume mmoja tu ndiye aliyemsimulia hayo yote; kwenye simu yake alimhifadhi kwa jina la Mpole. Wanaume wengine walimuuliza amevaa nini. Huyu alimuuliza bibi alikuwa akimwitaje, kisha akanyamaza kusikiliza. Mwanamke gani asingeyeyuka? Alidhani kapata mtu anayetaka kumjua tangu alikotoka. Kumbe mwenzake alikuwa anachonga ufunguo.

"Nani mwingine anayajua majibu haya?" fundi akauliza.

"Mtu mmoja."

"Ndugu?"

"Mtu anayenichumbia."

Fundi akakuna kichwa. "Kikulacho ki nguoni mwako. Dada, yale maswali hayajibiwi kwa ukweli. Ukiulizwa mnyama, andika kabati! Mashine haina habari, mradi wewe unakumbuka. Na ile namba ya uhakiki inayokuja kwenye simu, si nilikuomba uiwashe?"

"Nilisema inanichelewesha."

"Haya, ndiyo tumechelewa."

"Kachukua nini?"

"Hapo ndipo ninapochoka. Mafaili yote haya, kafungua moja tu."

Akalifungua. Mpokezi aliposoma jina, alimkumbuka mwenyewe. Alikuwa yule mama wa bega, aliyeletwa mfupa umevunjika, akadai kaanguka bafuni, na walipobaki wawili akasema ukweli. Alipohama nyumba alirudi kubadilisha anuani. "Mume wangu asijue ninapokaa," alimwambia huku amemshika mkono. "Akijua, ataniua." Na anuani ilikuwa pale kwenye kioo: mtaa, nyumba, hata rangi ya geti.

Alinyakua simu ya mezani.

"Mama, ni mimi wa mapokezi. Mumeo ni mtu wa namna gani akiongea?"

"Mpole," yule mama alijibu. "Sauti ya chini. Anapenda kuuliza, na ukimjibu anasikiliza kweli. Kwani vipi?"

"Toka humo ndani! Usichukue kitu, usifunge hata mlango. Anajua ulipo. Kimbilia polisi!"

Simu ikakatika. Fundi naye alikuwa tayari kwenye simu na polisi, akiwasomea anuani. Mpokezi akachukua simu yake mwenyewe, akampigia Mpole.

"Mpenzi," ilisema ile sauti. Nyuma yake gari lilikuwa linaunguruma.

"Uko wapi?"

"Njiani. Nina shughuli kidogo, nikimaliza nakupigia."

"Nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Ndoa. Baba anasafiri, anataka kukuona sasa hivi. Geuza gari."

Gari likapunguza mwendo. Moyo wa mpokezi uliruka, nusu kwa hofu, na nusu, aibu iliyoje, kwa furaha.

"Nimeshafika," akasema Mpole. "Ni jambo dogo tu."

"Usikate! Niambie kwanza, tutazaa wangapi?"

"Wewe unataka wangapi?"

Hata hapo aliuliza. Naye akajibu, wanne, akawataja mmoja mmoja, akaeleza nani atafanana na nani, mradi yule mtu asishuke. Akashuka. Geti likagongwa, likagongwa tena kwa nguvu, kisha zikasikika hatua ndani ya nyumba.

"Chai bado ya moto," Mpole alisema. Kisha, polepole: "Umemwambia."

"Nimemwambia."

"Mjinga wewe. Unadhani kuna mwingine atakayekutaka?"

Sauti hiyo hakuwahi kuisikia. Mama wa bega aliijua vizuri.

Polisi walimkuta Mpole bado humo ndani. Mpokezi alikwenda mwenyewe kwa mkurugenzi, akasema, "Majibu niliyatoa mimi," na kabla ya saa za kazi kuisha akawa amesimamishwa. Alikuwa anakusanya vitu vyake mezani simu ilipoita.

"Wamemkamata," alisema mama wa bega. "Nipo hapa kituoni. Askari wanamhoji, anawajibu kwa adabu kama mgeni."

"Nisamehe, mama. Nusura nikuue."

"Nikuulize kitu, mdogo wangu, na usinifiche. Bado unampenda?"

Alitaka kusema hapana. Machozi yakamtangulia.

"Ndiyo."

Yule mama akashusha pumzi.

"Hata mimi. Ndiyo maana nilimkimbia bila kumuaga."